Jino Lisiloachia

Mbelwa Mhina alifika kituoni saa mbili asubuhi, mkono wake wa kulia ameutia kwenye kikapu cha ukili na kuufunika kwa kanga ya mkewe. Akaamkia, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akakiweka kikapu katikati ya miguu. Bi Mwajabu Shekalaghe hakuwa na haja ya kuuliza kilichomleta. Alikuwa amemwona akiingia hivyohivyo mara nane kabla ya siku hiyo, uso umemsawajika, kigutu cha bega kimefungwa kitambaa, asiyetaka mtu amguse.

Mikono ile ya bandia, yeye Bi Mwajabu ndiye aliyeibuni. Ilikuwa miaka ambayo mkonge ulikuwa umerudi kuwa mfalme wa Tanga, nyuzi zake zikisukwa kuwa mabawa ya ndege na mapanga ya mitambo ya upepo, na bonde zima la Lwengera, kutoka mlima hadi mlima, lilikuwa kijani cha mkonge mtupu. Mkonge ulileta korona mpya, mashine za kusaga majani, kubwa na zenye kasi kuliko zile za enzi za babu. Roboti zililetwa kuzilisha, lakini utomvu uliziganda viungo ndani ya wiki moja, wakarudishwa watu. Na korona, iwe ya zamani au mpya, haijui kutofautisha jani na mkono wa mtu.

Kwa hiyo kituo kilijengwa pembeni mwa Korogwe, na watu wakaanza kupandwa mashina. Shina ni fimbo fupi ya titani inayooteshwa ndani ya mfupa uliobaki. Baada ya miezi sita mfupa huwa umelikumbatia kama mti ulioshika mwamba. Mkono wa bandia nao una meno mawili ya chuma chepesi. Ukiusukuma kwenye shina, meno yanajikunja, yanavuka ukingo, kisha yanafunguka ndani ya mfereji wake: ka! Hakuna skrubu wala mkanda. Sauti hiyo ikishasikika, nyaya zimekutana na mishipa ya fahamu, na mwenye mkono anahisi. Bi Mwajabu alikuwa ameona wanaume wazima wakilia kwa sababu wameshika kikombe wakasikia joto la chai.

Lakini kinachoingia kwa kujibana lazima kiwe na njia ya kutokea. Kila jino lina pande mbili: mteremko wa kuingilia na mteremko wa kutokea. Ule wa kutokea ukilazwa, mkono unachomoka kwa kuvutwa kidogo. Ukisimamishwa ukawa ukuta, hautoki mpaka uwekewe ufunguo wa kituo, au kitu kivunjike. Bi Mwajabu alikuwa ameulaza mpaka kilo arobaini. Mashine ikikamata mkono na kuuvuta kupita hapo, mkono uende na mtu abaki. Hiyo arobaini hakuiokota njiani. Aliipata kwa kusoma majina ya watu waliokufa.

Kitu ambacho hakukipima ni maumivu. Mkono ukitolewa kwa ufunguo, mishipa inalazwa kwanza. Ukichomoka kwa nguvu, mishipa inakatika ghafla, na ubongo unapata habari kwamba mkono umekatwa. Haujui kwamba ni chuma. Unaleta maumivu yaleyale ya siku ya kwanza, yote, bila kupunguza.

Mbelwa alieleza kilichotokea Jumamosi. Alikuwa anamwoza binti yake wa pili. Yeye na shemeji yake walishika sufuria ya pilau, huyu sikio hili na yule sikio lile, waitoe jikoni waipeleke ukumbini. Kwenye kizingiti shemeji akajikwaa, uzito wote ukamwangukia Mbelwa, na mkono ukachomoka. Sufuria ikaenda chini na mkono umeing'ang'ania. Wageni wengine walicheka, maana hawakujua. Halafu wakamwona baba wa bibi harusi anagaagaa kwenye pilau, anapiga ukelele wa mtu anayechinjwa, na binti yake amesimama mlangoni na maua yake.

Alisimulia yote hayo kwa sauti ya chini, kama anayesimulia habari za jirani. Alipomaliza akasema, "Korona ilinikata mkono mara moja, Bi Mwajabu. Wewe umenikata mara tisa."

Bi Mwajabu alijaribu kumweleza habari za arobaini. Mbelwa akamsikiliza mpaka mwisho, akasema hayo anayajua, ila yanawahusu watu wa korona. Yeye msimamizi amemhamishia kwenye kamba za kuanikia nyuzi, huu mwezi wa nne sasa. Kwenye kamba hakuna mashine, kuna jua na upepo tu. Akaomba jino lake lisimamishwe liwe ukuta.

Bi Mwajabu aliutoa mkono kikapuni, akaubana kwenye jiliwa, akawasha taa ya meza. Ndipo alipoona. Kwenye mkunjo wa kifundo, kati ya ngozi ya bandia na chuma, kulikuwa na makapi ya kijani, mabichi, yenye majimaji. Nyuzi zinazofika kwenye kamba zimeshaoshwa, ni nyeupe. Ukijani ule unapatikana mahali pamoja tu, kinywani mwa korona.

Angeweza kuuliza. Angeweza kuinua simu akaongea na msimamizi wa shamba, lingekuwa jambo la dakika mbili. Lakini maneno ya Mbelwa yalikuwa bado yako masikioni mwake, mara tisa, na mbele yake alikuwa ameketi mtu mzima aliyedhalilika mbele ya wakwe zake kwa ajili ya kipimo alichokiweka yeye. Akachukua brashi, akayafuta makapi mpaka yakaisha. Kisha akachukua tupa ndogo, akauchonga mteremko wa kutokea, jino la kwanza, halafu la pili, mpaka yote mawili yakawa kuta.

Kwenye kumbukumbu za kompyuta aliandika neno moja: usafi.

Mkono uliporudi mahali pake, ka, Mbelwa alisimama akaenda dirishani. Akazishika nondo, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Mkono haukutikisika. Akajivuta tena, na tena, akacheka peke yake kama mtoto aliyepata bembea. Bi Mwajabu naye akajikuta anacheka.

*

Wiki tisa baadaye, siku ya Jumatano baada ya chakula cha mchana, mzigo wa majani ulikwama kwenye korona namba tatu. Aliyekuwa zamu ni Mbelwa. Aliingiza mkono wa kulia kuuchomoa, kama alivyokuwa amefanya mara nyingi, na meno ya mashine yakashika vidole. Mwenzake alikibonyeza kizimio papo hapo. Korona zile zinachukua sekunde nne kusimama.

Katika sekunde hizo nne jino la Bi Mwajabu halikuachia. Kilichoachia ni mfupa. Shina liling'oka na sehemu kubwa ya bega, na mbavu tatu zikavunjika alipogongwa kwenye ukingo wa mashine. Alipelekwa hospitali ya wilaya akiwa hai, akawekewa mpira kooni wa kumsaidia kupumua. Hakuweza kusema.

Mkono wenyewe uliletwa kituoni kesho yake. Aliyeuleta ni Daktari Kaniki Mntambo, mkurugenzi, ambaye miaka kumi na tano nyuma alikuwa mwanafunzi wa Bi Mwajabu na mpaka leo humwita mwalimu. Aliuweka mezani, akachukua lenzi, akayatazama meno kwa muda mrefu. Akasema hiyo ni kazi ya tupa. Akasema mafundi wa vichochoroni watawamaliza watu.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Bi Mwajabu aliiona, akaiacha ipite. Kaniki akaendelea kuongea, na kadiri alivyoongea nafasi ile ilizidi kuwa nyembamba. Alisema tume inakuja. Alisema ikionekana kituo kimevunja sheria yake chenyewe, kitafungwa, na watu mia tatu na sita wana mashina mifupani mwao ambayo hakuna pengine pa kuyahudumia. Shina lisilosafishwa linaoza ndani kwa ndani. Bi Mwajabu aliikumbatia sababu hiyo kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Ilikuwa sababu ya kweli. Ndiyo maana ilimfaa.

Tume ilikaa siku tatu. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Mzee Shemndolwa, mtu mkavu anayeandika kwa kalamu ya wino na kungoja kila mtu amalize. Siku ya pili akamwita Bi Mwajabu, akamwonyesha jino, akamuuliza kama limechongwa kwa kipimo cha kituo.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Hicho si kipimo cha kituo."

Lilikuwa jibu la kweli, neno kwa neno. Jaji akaandika, akamshukuru, akamruhusu aende. Akiwa anatoka Bi Mwajabu alihisi miguu yake miepesi, akajichukia kwa wepesi ule.

Ripoti ilisema Mbelwa Mhina aliharibu jino la mkono wake kwa makusudi, mwenyewe au kwa msaada wa fundi asiyejulikana. Na sheria ya mikono iko wazi: anayeharibu jino anafutwa kwenye orodha, hapewi kiungo kingine maisha yake yote.

*

Mashavu, mke wa Mbelwa, alikuja Jumatatu iliyofuata, amevaa baibui, karatasi ya ripoti ameikunja kwenye kiganja. Bi Mwajabu alimkaribisha kiti. Mashavu alikaa upandeupande, kama mtu ambaye hatakaa sana. Walijuliana hali. Alisema mgonjwa anaendelea, jana amefumbua macho akamtambua. Alisema amesomewa karatasi na mjukuu wa jirani lakini ametaka kuisikia kwa mtu anayeijua kazi yenyewe.

Bi Mwajabu alianza kumsomea. Alipofika kwenye neno "makusudi" Mashavu akamgusa mkono amsimamishe.

"Hilo ndilo lililonileta," alisema. "Mume wangu alinidanganya, dada yangu. Aliniambia yuko kwenye kamba za kuanikia, kumbe yuko korona. Nguo zake nafua mimi, nilipaswa kujua. Basi hilo limeshapita. Lakini siku ile alipotoka hapa kwako alirudi nyumbani anaimba. Akaniambia, Bi Mwajabu mwenyewe amenitengenezea, kwa mkono wake. Sasa hii karatasi inasema vingine."

Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Sikuja kugombana. Miaka thelathini na moja tumeishi. Nataka kujua tu kama na hilo alinidanganya."

Bi Mwajabu alitazama karatasi. Alifikiria watu mia tatu na sita, mashina yao na mifupa yao, akaipanga sababu yake upya kama alivyoipanga kila siku tangu Alhamisi ile, na kwa mara ya kwanza haikusimama. Mbele ya jaji ilikuwa imesimama. Mbele ya mwanamke huyu, aliyeomba neno moja tu la kuondokea nalo, haikuwa na miguu.

"Hakukudanganya," alisema. "Ni mimi."

Mashavu aliitikia kwa kichwa, taratibu. Akaichukua karatasi yake, akaikunja tena, akasema ahsante. Mlangoni akageuka akasema kwamba angependa wengine nao waambiwe, kisha akaenda zake.

*

Tume iliitwa tena, ikakaa asubuhi moja. Bi Mwajabu alisema yote. Alisema habari za pilau na mara tisa, alisema habari za tupa, na alipofika kwenye makapi ya kijani sauti yake ilikatika, ikabidi aanze upya. Kaniki alikuwa ameketi mstari wa mbele, ameinamisha kichwa. Hata leo Bi Mwajabu hajui kama siku ile ya lenzi Kaniki alikuwa ameshaelewa na alikuwa anampa njia ya kukimbilia, au aliamini kweli. Hakumuuliza, naye hakusema.

Kituo hakikufungwa. Ile hofu kubwa iliyomziba mdomo haikuwa hata na uzito wa karatasi. Wizara ilikiweka chini ya mtu mwingine kwa barua ya aya mbili, na kazi ikaendelea. Jina la Mbelwa lilisafishwa. Bi Mwajabu alinyang'anywa leseni. Msimamizi wa shamba, aliyempanga mtu mwenye shina kwenye korona huku akijua hatari yake, alifukuzwa. Na ili jambo hilo lisitokee tena, tume iliamuru kila jino nchini litengenezwe upya kiwandani kwa kilo arobaini na kupigwa muhuri usiovunjika. Arobaini kwa mvuna mkonge, arobaini kwa mwalimu wa shule, arobaini kwa mama anayelea. Asiwepo wa kuibadilisha, leo wala kesho.

Bi Mwajabu alikuwa amekuja na karatasi nyingine mkobani. Siku ile ya kungoja tume ifunguliwe, ameketi koridoni, alifanya kitu ambacho alipaswa kukifanya miaka minne nyuma. Kila mkono unapochomoka hujiandikia wenyewe nguvu iliyouchomoa, na namba hizo zote zilikuwa zimelala kwenye kompyuta yake. Alizipanga. Sufuria ya pilau: arobaini na sita. Mtoto aliyenyakuliwa asianguke kwenye ngazi: arobaini na tisa. Ng'ombe aliyeshtuka na kamba: hamsini na nne. Katika mara mia mbili na kumi na mbili ambazo watu wake walikatwa upya mikono na maisha ya kawaida, hakuna hata moja iliyofika sitini. Kisha akaitazama korona. Korona ikishika, haianzii chini ya themanini na tano.

Kati ya hapo na hapo palikuwa na uwanja mpana, mtupu, unaosubiri mtu autazame. Hesabu yenyewe ilimchukua muda usiozidi wa kuchemsha chai.

Aliomba ruhusa ya kuitoa karatasi ile. Jaji Shemndolwa aliipokea, hakuifungua.

"Bi Mwajabu," alisema, bila ukali, "mara ya kwanza nilikuuliza swali ukanipa neno la kweli, nami nikalibeba kama lilivyo, kumbe ndani yake mlikuwa na uongo. Sasa unaniletea namba. Mimi si mhandisi. Nitaijuaje?"

Alimjibu kwamba waitwe wahandisi wengine, waipime. Jaji akasema hakuna mhandisi atakayeweka jina lake chini ya jina la Bi Mwajabu, si mwaka huu. Akamrudishia karatasi juu ya meza kwa vidole viwili.

*

Mpira ulitolewa kooni mwa Mbelwa mwishoni mwa mwezi. Bi Mwajabu alikwenda kumwona saa za kutazama wagonjwa, mchana, wodi imejaa watu na vyombo vya chakula. Mashavu alimpisha kwenye kiti akatoka kwenda kutafuta maji ya moto.

Upande wa kulia wa Mbelwa ulikuwa umeishia shingoni, au ndivyo ilivyoonekana chini ya bandeji. Hakukuwa na mfupa wa kupanda shina lingine. Hilo alikuwa ameshaambiwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na alipumzika kila baada ya maneno machache.

Bi Mwajabu alisema alilokuja kusema. Hakulipamba. Alisema aliyaona makapi ya mkonge, akayafuta, akachonga.

"Najua," Mbelwa alisema. "Nilikuona ukiyafuta. Nikasema moyoni, mama huyu kanielewa."

Bi Mwajabu alishindwa kumtazama. Mbelwa akaeleza, kidogokidogo, kwamba hakuna aliyemlazimisha kurudi korona. Msimamizi aliuliza nani anataka, yeye akanyoosha mkono. Alikuwa amechoka kupita mbele ya mashine ile ameinamisha kichwa. Alitaka asimame mbele yake akiwa na mkono. Wiki zile tisa alisimama bila kuogopa kuchomoka mkono. Hakuzijutia zote, alisema. Aliijutia ile ya mwisho, na uongo aliompa mkewe.

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Hivi ingekuwa ngapi? Ile ambayo ingeshika pilau na ingeachia korona. Ipo?"

Bi Mwajabu alijua kwamba angeweza kusema haipo. Ungekuwa uongo wa huruma, na hakuna ambaye angekuja kuupima. Mtu angelala akijua kwamba ilikuwa lazima achague kati ya aibu na bega.

"Ipo," alisema. "Sabini."

Mbelwa aliifikiria namba hiyo. Alitembeza midomo kama anayeionja.

"Sabini," alisema. "Basi si ungeniambia sabini, mama."

"Sikuwa nimepiga hesabu. Ulinitia aibu, nikataka aibu iniondoke siku ileile. Nikakupa yote."

Mtoto wa mgonjwa wa kitanda cha pili alidondosha sahani, mtu akamkaripia, sahani ikaokotwa. Mbelwa aliuliza kama wale wengine sasa watapewa sabini, akaambiwa hapana, ni arobaini kwa wote, na kwamba yeye Bi Mwajabu hasikilizwi tena. Akafumba macho. Bi Mwajabu alidhani amelala, akakaa hivyo kwa muda, mikono mapajani, mpaka kengele ya kuwatoa wageni ikapigwa na watu wakaanza kukusanya vikapu vyao.

Alipoinuka, Mbelwa alifumbua macho. Akauchomoa mkono wake wa kushoto chini ya shuka, sindano ya dripu imebandikwa mgongoni mwake, akausogeza kwa shida mpaka ukingoni mwa kitanda, kiganja wazi.

"Uniwie radhi," alisema. "Ndio uliobaki."

Bi Mwajabu aliupokea kwa mikono yake yote miwili. Muuguzi alipita mara ya kwanza akamwambia muda umekwisha, akapita mara ya pili, na mara ya tatu akazima feni, akawaacha.